Kucheza Mbele ya Watu: Kutoka Uwanja wa Mbina hadi Ukumbi wa Gemu

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo ambayo lugha nyingine huyatenga. Tunacheza ngoma, tunacheza bao, tunacheza karata, tunacheza mpira, na siku hizi watoto wetu wanacheza gemu. Mtu asiye mwenyeji wa lugha hii anaweza kudhani kuwa ni upungufu wa msamiati. Mimi naona kuwa wazee wetu waliotumia neno hilo moja waliona jambo ambalo sera zetu zimelisahau: kila kuchezako kunakofanyika mbele ya watu, kwa kanuni zinazojulikana na kwa ushindani, ni taasisi ya jamii, hata kama haina ofisi wala mhuri.

Katika makala hii napenda kuitazama historia ya mikusanyiko ya aina hiyo katika ukanda wetu wa Usukuma na Unyamwezi, kisha niioanishe na siku moja niliyokaa na rafiki zangu katika mashindano ya gemu hapa Nyasubi, Kahama. Hoja yangu ni kwamba kwa zaidi ya karne moja watawala wa kila aina wameikabili mikusanyiko ya vijana wanaocheza kwa maswali mawili tu: nani ameiitisha, na nani anaisimamia. Swali la tatu, yaani vijana wanajifunza nini pale, halijapewa nafasi linayostahili.

Tuanze na mbina, neno la Kisukuma lenye maana ya ngoma. Mapokeo ya Usukuma yanaeleza kuwa katika karne ya 19 walikuwapo waganga wawili mahiri waliokuwa pia wachezaji, Ngika na Gumha. Kila mmoja alidai kuwa dawa yake ya ngoma ndiyo yenye nguvu zaidi. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu. Kutokana na ushindani huo yalizaliwa makundi mawili makubwa ambayo mpaka leo vikundi vingi vya ngoma vya Usukuma hujinasibisha nayo. Mtu hakuzaliwa Mgika au Mgalu kama anavyozaliwa katika ukoo. Alijiunga, akafundishwa, akapewa dawa, akawajibika kwa kiongozi wa kikundi aitwaye ningi.

Utaratibu wa mashindano yao unastahili kuangaliwa kwa makini. Makundi mawili yaliingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na kuanza kucheza sambamba. Hakukuwa na meza ya majaji wala karatasi za alama. Watazamaji walisimama pale walipovutiwa, wakahama walipochoshwa. Kundi lililobaki na umati mkubwa ndilo lililoshinda. Kwa maneno mengine, jaji alikuwa miguu ya watazamaji. Ndiyo maana vikundi vilibuni vitimbi vya kuwavuta watu: nyimbo mpya za mafumbo na kejeli, chatu na fisi, sanamu za mbao, viinimacho. Ndiyo maana pia dawa ya mvuto, iitwayo samba, ilithaminiwa kiasi kile.

Wasomi wamelishughulikia eneo hili. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii katika serikali ya kikoloni, aliandika mwaka 1946 juu ya Bayeye, chama cha wachezaji wa nyoka ambao walijua pia tiba ya sumu. Frank Gunderson, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, ameonesha jinsi vyama vya ngoma, vyama vya wawindaji na vikundi vya kulima vilivyoingiliana. Kijana aliyejifunza nidhamu ya ngoma ndiye aliyeingia shambani na jembe, akalima kwa kufuata mdundo. Kila kijiji kilikuwa na jumuiya ya vijana chini ya nsumba ntale, mkubwa wa vijana, na jumuiya hiyo iliweza kuitwa kulima, kujenga au kucheza. Mipaka kati ya kazi na mchezo haikuchorwa mahali tunapoichora sisi.

Kalenda nayo ilikuwa na nguvu. Mashindano makubwa yalifanyika baada ya mavuno, kuanzia mwezi Juni, pamba na nafaka zikiwa zimekwishatoka shambani. Jamii haikukataza kucheza wala haikuruhusu kucheza kila siku. Iliweka majira yake.

Wageni walipofika, walijibu kwa namna mbalimbali. Wamisionari wengi waliiona ngoma kama mlango wa upagani, wakawakataza waumini wao kuikaribia. Wapo walioona vinginevyo. Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada na mwanachama wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alianzisha huko Bujora, karibu na Mwanza, kituo kilichokuja kuwa Makumbusho ya Wasukuma. Kanisa la Bujora lilijengwa kwa umbo la nyumba ya mviringo ya kitemi. Sherehe ya Ekaristi Takatifu ikaunganishwa na mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, na ndipo ikapatikana Bulabo, sikukuu inayofanyika hadi leo kila mwaka mwezi Juni. Kanisa halikuua ushindani ule. Liliupa uwanja na tarehe.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na wasiwasi wake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ngoma ya beni, yenye makundi hasimu ya Marini na Arinoti, ilikuwa imeenea kutoka pwani hadi miji ya bara. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, anaeleza jinsi maofisa wa Kiingereza walivyoichunguza wakihofia kuwa ni mtandao wa siasa. Waliona vijana wenye vyeo, sare, michango na barua za kutoka mji mmoja hadi mwingine, wakajiuliza nani yuko nyuma yao. Jibu kwamba vijana wenyewe walikuwa mbele yao wenyewe halikuwaingia akilini.

Hofu ile haikuwa ya kipuuzi kabisa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1954 hadi 1958, TANU ilizuiwa kufanya kazi katika Usukuma. Lakini huwezi kuwapiga marufuku watu wanaolima pamoja na kucheza pamoja. Vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, vilivyounganishwa mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria ambamo Paul Bomani alikuwa kiongozi, vilikuwa na wanachama waliokwisha kujifunza mahali pengine namna ya kuchanga, kuchagua kiongozi na kumwondoa. Upinzani wa Geita wa mwaka 1958 dhidi ya baraza la rangi mchanganyiko haukuota kama uyoga. Watu walijua kukusanyika kwa sababu walikuwa na mazoea ya kukusanyika.

Uhuru ulileta heshima mpya. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere, ambaye wengi wanamkumbuka pia kwa mapenzi yake ya bao, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akilaumu elimu iliyotufanya tuzionee aibu ngoma zetu. Lakini heshima hiyo ilikuja pamoja na makabati. Sheria Na. 12 ya mwaka 1967 iliunda Baraza la Michezo la Taifa. Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 iliunda Baraza la Sanaa la Taifa. Mwaka 2003 ikaja Sheria ya Michezo ya Kubahatisha na Bodi yake. Hivyo kitenzi chetu kimoja kikagawanywa katika majalada matatu: anayecheza mpira yuko huku, anayecheza ngoma yuko kule, na anayecheza kwa dau yuko kwingine. Makabati haya yana faida zake, siyapingi. Ninachouliza ni hiki: je, mchezo mpya usiofanana na yote matatu unawekwa wapi?

Swali hili lilinijia kwa nguvu Jumamosi moja ya likizo, nilipokuwa nyumbani. Rafiki zangu watatu wa tangu shule ya msingi walinipitia asubuhi. Mmoja ni mfanyabiashara wa mchele, wa pili alikuwa dereva wa mitambo mgodini Buzwagi hadi uzalishaji ulipokoma, na wa tatu ni mtumishi wa umma. Mtoto wa yule dereva alikuwa amejiandikisha katika mashindano ya gemu ya mpira, na baba yake alitaka tukamtazame. Tulidhani tungekaa saa moja. Tulitoka magharibi.

Ukumbi ulikuwa ule wa kukodishwa kwa harusi. Vijana walikuwa wamekusanya televisheni nne na mashine nne za PlayStation kutoka katika vibanda vya gemu vya mitaa mbalimbali, kila mwenye kibanda akaleta yake. Wachezaji walikuwa 32, mtindo wa mtoano. Kila mchezaji alilipa shilingi 5,000, mtazamaji shilingi 1,000. Ratiba ilipangwa kwa kuokota vikaratasi ndani ya kofia, mbele ya wote. Kijana mwenye daftari alikaa karibu na mlango akiandika kila matokeo, na wachezaji wawili wakatia saini chini yake. Walipotuona walituamkia, “Shikamooni wazee,” wakatuletea viti vya plastiki.

Kilichonishangaza kwanza ni umati. Watazamaji hawakuketi. Mechi ilipopamba moto katika televisheni ya pili, watu wapatao hamsini walihamia huko kwa mkupuo, wakawaacha wachezaji wa televisheni ya kwanza peke yao na ndugu zao. Binti mmoja, kati ya wawili waliojiandikisha, alipofunga bao la kusawazisha katika dakika za mwisho, ukumbi mzima uligeukia upande wake. Mfanyabiashara wa mchele, ambaye babu yake alikuwa ningi wa Bagalu, aliniinamia akasema, “Dokta, hii ni mbina. Tofauti ni kwamba hapa chatu yumo ndani ya waya.”

Saa nane hivi mchana umeme ulikatika. Mechi moja ya robo fainali ilikuwa dakika ya 70, mmoja akiongoza mawili kwa moja. Mashine zilizimika na mechi ikapotea. Hapo nilitegemea ugomvi. Badala yake mwenye daftari aliwaita wachezaji wote waliobaki, wakasimama duara nje chini ya mwarobaini, wakajadiliana. Aliyekuwa akiongoza alitaka atangazwe mshindi. Aliyekuwa nyuma alitaka mechi ianze upya. Mmoja akapendekeza zichezwe dakika 20 zilizobaki, na matokeo yale ya mawili kwa moja yabebwe. Lakini gemu ile ilianza mechi mpya kwa dakika 90 tu. Wakakubaliana kwamba mechi mpya ianzishwe, isimamishwe saa ya mchezo itakapofika dakika ya 20, na mabao yajumlishwe. Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Uamuzi ukaandikwa katika daftari kuwa ndio utakaotumika kwa tukio lolote kama hilo siku hiyo. Umeme uliporudi, aliyekuwa nyuma alisawazisha, kisha akashinda kwa penalti. Aliyeshindwa alimpa mkono.

Ndugu msomaji, nimehudhuria vikao vingi vya wasomi ambavyo havikufikia mwafaka kwa muda mfupi kiasi kile.

Rafiki yetu mtumishi wa umma hakuacha kazi yake nyumbani. Alimwita mwenye daftari akamuuliza kwa upole, “Mwanangu, viingilio hivi vinakwenda wapi?” Kijana akajibu kuwa baada ya kulipia ukumbi, salio ndilo zawadi ya washindi watatu. “Sasa huoni kwamba huo ni mchezo wa kubahatisha? Watu wanaweka fedha, mmoja anazichukua.” Kijana akafikiri kidogo, kisha akasema, “Mzee, kwenye ligi ya mbuzi kila timu inatoa ada, na mbuzi ananunuliwa kwa ada hizo. Hakuna anayesema timu zimecheza kamari. Hapa kinachoshinda ni mazoezi. Anayebahatisha ni yule anayekaa nje akiweka mkeka kwa timu ambazo hajawahi kuziona.”

Sina uhakika kama mwanasheria angeridhika na jibu hilo, ila mwanahistoria anaridhika. Kijana yule alitofautisha vitu viwili ambavyo maofisa wengi huvichanganya, na mkanganyiko huo una chanzo chake. Sheria yetu ya kubahatisha, kwa jina lake la Kiingereza, inatumia neno lilelile ambalo vijana duniani hulitumia kwa gemu za kompyuta. Kiswahili kimetenganisha vizuri: kubahatisha ni kubahatisha, kucheza ni kucheza. Tungesikiliza lugha yetu tungepunguza nusu ya tatizo.

Nusu ya pili ni ya kiuchumi na kisiasa. Kahama ni mji uliokua kwa mpunga, kwa biashara na kwa dhahabu. Bulyanhulu ilianza uzalishaji mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Kijana wa hapa alilelewa akiambiwa kuwa riziki iko ardhini na aliyewahi ndiye anayepata. Hiyo ndiyo falsafa ya kubahatisha, na ndiyo maana vibanda vya mikeka vinapata wateja. Ukumbi ule ulifundisha somo jingine kabisa: kwamba ustadi hujengwa, kwamba kanuni hutungwa na wanaozifuata, kwamba kushindwa hadharani hakuui. Sijui ni wapi pengine mjini petu kijana asiye na ajira anaweza kujifunza hayo bila kudhaminiwa na kampuni ya kamari au mgombea anayetafuta kura.

Dunia nayo haikutusubiri. Katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou, China, mwaka 2023, michezo ya kielektroniki ilitoa medali kama riadha na kuogelea. Nairobi ina kongamano lake, NAICCON, ambalo huwakutanisha wapenzi wa katuni na gemu. Nchini Kamerun, kampuni ya Kiro'o Games ilitoa mwaka 2016 gemu iitwayo Aurion, iliyojengwa juu ya masimulizi na hisia za Kiafrika. Nilipowaeleza vijana wa Nyasubi juu ya gemu hiyo, mmoja aliuliza kama ipo siku atacheza gemu ya Bagika na Bagalu. Nilimwambia kuwa chuoni kwetu wapo wanafunzi wanaosoma programu za kompyuta na wapo wanaosoma historia, na kwamba wawili hao hawajawahi kukaa meza moja. Akacheka. Mimi sikucheka.

Wapo watakaosema kuwa natetea uvivu. Wazazi wanalalamika kuwa watoto wanatoroka shule kwenda vibandani, na fedha za daftari zinaishia huko. Malalamiko hayo ni ya kweli, na mtu anayeyapuuza hajawahi kulea. Lakini tazama wazee walifanyaje. Mbina nayo ingeweza kula msimu wa kilimo, kwa hiyo ikapewa majira baada ya mavuno. Ilikuwa na hatari ya kuzaa uhasama, kwa hiyo ikapewa uwanja wa wazi na kiongozi anayewajibika. Mtoto anayecheza kwa kujificha katika kibanda chenye pazia hana ningi. Aliyecheza mbele ya watu mia mbili, huku baba yake akimwangalia, anaye.

Historia ya Kahama ina somo la mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wa eneo hili waliochoshwa na wizi wa ng'ombe walijikusanya na kuunda sungusungu. Hawakusubiri sheria. Makosa yalitendeka, mengine mazito, ila mwaka 1989 sheria ilibadilishwa ili kuwatambua. Dola ililazimika kukimbia nyuma ya jamii ikijaribu kuifikia. Ni afadhali safari hii itembee pembeni yake.

Kwa hiyo nasema na makundi matatu yanayosoma kurasa hizi. Wanafunzi, nendeni mkaandike juu ya vibanda hivi kama Cory alivyoandika juu ya wacheza nyoka, lakini kwa heshima zaidi kwa wenye ujuzi. Wanaharakati, mnapodai uhuru wa kukusanyika msiishie kwenye mikutano ya siasa, kwani uhuru huo hujifunzwa kwanza mahali watu wanapocheza. Nanyi watumishi wa umma, kabla ya kuuliza kibali, ombeni kwanza kuliona daftari. Someni kanuni ya dakika 20 na saini zilizo chini ya kila matokeo. Kisha amueni kama wanaohitaji kufundishwa utawala bora ni wale vijana, au ni sisi.